Alisema Ana, Alisema Alikuwa Na: Mali, Ukosefu na Wakati wa Msemaji

Mhadhara uliotolewa Laela, Ufipa, mbele ya walimu, makatibu wa mabaraza na wananchi

 

Nina sentensi mbili. Ya kwanza: Alisema ana shamba Laela. Ya pili: Alisema alikuwa na shamba Laela. Hata mtoto wa darasa la pili hapa kwetu anajua kwamba hazifanani. Katika ya kwanza, mtu alipokuwa anazungumza, shamba lilikuwa mikononi mwake. Katika ya pili, alikuwa anasimulia shamba la zamani, na msikilizaji anasubiri aambiwe limekwenda wapi: limeuzwa, limegawiwa, limechukuliwa, au limeliwa na korongo.

Sasa zipelekeni sentensi hizo kwa Kiingereza cha darasani. Zote mbili zitarudi na sura moja: "He said that he had a farm in Laela." Kiingereza kinaweza kuzitenganisha, nitaonyesha namna, lakini kwa mazoea yake ya kila siku kinazifunga pamoja kwenye neno moja, "had". Nimekuja kuzungumzia kufungwa huko. Nimekuja kusema kwamba watu wa Ufipa wanaweza kupoteza haki zao ndani ya neno hilo, na kwamba dawa yake tunayo tayari katika lugha tunayoizungumza sokoni.

Tuanze na Kiingereza chenyewe, tukitendee haki. Kishazi kinachoanza na "that" ni chombo cha kubebea maneno ya mtu, mawazo yake, majuto yake na matumaini yake. Kitenzi kikuu kikiwa cha wakati uliopita, kama vile alisema, alijua au aliamini, kitenzi kilicho ndani ya kishazi nacho huvutwa nyuma. Mtu anasema "I have"; anayetoa habari zake anaandika "that he had". Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark, aliieleza tabia hii katika kitabu chake cha mwaka 1924 kuhusu falsafa ya sarufi, akaipa jina la kurudisha njeo nyuma. Maana yake ni kwamba Kiingereza huyahamisha maneno ya msemaji na kuyapanga kwa saa ya mwandishi. Mwandishi yuko leo, maneno ni ya jana, basi na mali iliyotajwa ndani ya maneno hayo inavaa vazi la jana, hata kama leo hii bado ipo na inalimwa.

Mwingereza aliyekulia katika lugha yake hapati shida, kwa sababu masikio yake yamezoea. Akiona haja huandika "that he still had", au hukiacha kitenzi katika wakati uliopo: "He said that he has a farm." Ruhusa hiyo imo katika sarufi yao. Ila sisi tuliojifunza Kiingereza kwa kalamu nyekundu ya mwalimu tulifundishwa kanuni bila ruhusa zake. Tukaogopa "has" baada ya "said". Na alama iliyokatwa katika kidato cha pili humfuata mtu mpaka siku anapokaa kwenye meza ya ofisi na kuandika habari za mali ya watu wengine.

Kiswahili hakirudishi njeo nyuma. Alisema ana. Alisema hana. Alisema atapata. Kitenzi cha kusema kikishatamkwa, kinachofuata hupangwa kwa saa ya yule aliyesema. Anayetoa habari husimama mahali pa msemaji na kutazama kwa macho yake. Ndiyo sababu neno kwamba tunaweza kulitumia au kuliacha bila kuharibu kitu: alisema kwamba ana, alisema ana. Neno lenyewe ni kuamba, yaani kusema, ambalo watu wa pwani na washairi wa zamani walilitumia kama kitenzi kamili. Kwa hiyo tunapoandika alisema kwamba, tunatangaza mara mbili kwamba maneno yanayofuata yana mwenyewe.

Na hata huko kuwa na kitu hatukusemi kama wao. Kiingereza kina kitenzi cha kumiliki, "have", nacho kinanyambuliwa kama kitenzi chochote. Kukirudisha nyuma ni kazi ya pumzi moja: "have", "had". Sisi tunasema ana, yaani yeye na kitu, mtu na shamba lake wamekaa pamoja, wala hakuna kitenzi kati yao. Wazee wa Kifipa mlio hapa mbele, jisemeeni kimoyomoyo kwa Kifipa kwamba fulani ana ng'ombe, halafu pimeni wenyewe. Lugha nyingi za Kibantu huona kumiliki kuwa ni kuwa pamoja na kitu. Leon Stassen, aliyechapisha mwaka 2009 kitabu kikubwa kuhusu namna lugha za dunia zinavyosema mtu ana kitu, aliziweka lugha za namna hii katika kundi lao. Mwarabu na Mrusi wana njia nyingine. Wao husema kwangu kuna shamba. Na hapa pana jambo linalonistaajabisha kila ninapolifikiria. Mali, milki, hati, haki, urithi, wasia, rehani, deni na shahidi yote tuliyapokea kutoka Kiarabu. Karibu kila kitu kinachowekwa juu ya meza ya baraza la mirathi kina jina la Kiarabu. Lakini namna ya kusema kwamba mtu anacho hatukuichukua. Hiyo imebaki ya kwetu.

Kwa kuwa ana haina kitenzi, tukitaka kuipeleka nyuma inabidi tumwite kuwa aje asaidie: alikuwa na. Ni hatua nzito, na msikilizaji huisikia. Ukiniambia jirani yako alikuwa na trekta, nitakuuliza liko wapi sasa. Ukiniambia alikuwa na mke, nitashusha sauti. Alikuwa na huleta harufu ya kwisha. "Had" ya Kiingereza, ikiwa ndani ya kishazi cha "that", haina harufu hiyo hata kidogo. Basi mtu anayefasiri kila "that he had" kuwa kwamba alikuwa na, anaongeza habari ambayo haikusemwa: kwamba mali imekwisha kutoka mikononi.

Mtaniuliza, hii inamgusa nani hapa Laela? Tufuate njia ya shauri la ardhi.

Chini kabisa, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji lenye wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Juu yake kuna Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Wasiposuluhishwa, watu hupanda gari kwenda Sumbawanga kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kutoka hapo kuna Mahakama Kuu, kisha Mahakama ya Rufani. Kijijini na katani kila kitu ni Kiswahili. Lakini Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, katika kifungu chake cha 32, ilisema kwamba Baraza la Wilaya linaweza kuendesha shauri kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, mwenyekiti atakavyoelekeza, ila kumbukumbu na hukumu ziwe za Kiingereza. Kanuni za mwaka 2003 zikawaruhusu wazee wa baraza, wale washauri wanaokaa na mwenyekiti, kutoa maoni yao ya maandishi kwa Kiswahili. Tazameni mpangilio huo, uliokuwapo hadi mwaka 2021. Shahidi alisema kwa Kiswahili. Wazee walisikia na kushauri kwa Kiswahili. Katikati, mkono wa mwenyekiti uliandika Kiingereza, na aliyesoma faili juu, kwenye rufaa, alisoma kile kilichoandikwa na mkono ule. Mdaawa alipotaka kujua kilichoandikwa kuhusu shamba lake, mtu alimfasiria kurudi kwenye Kiswahili.

Nitawapa mfano niliouunda mwenyewe, tuuone kwa karibu. Shahidi amesimama Sumbawanga, anasema: Marehemu aliniambia ana shamba ng'ambo ya mto, na amempa mjukuu wake matuta.

Kinaandikwa Kiingereza: "The deceased told me that he had a farm across the river and that he had given the mounds to his grandson."

Miaka minne baadaye mjukuu anasomewa kwa Kiswahili: Marehemu aliniambia kwamba alikuwa na shamba ng'ambo ya mto, na kwamba alikuwa amempa mjukuu wake matuta.

Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja amefuata kanuni aliyofundishwa. Lakini angalieni kilichotokea njiani. Ana imegeuka alikuwa na: babu aliyekuwa mwenye shamba siku ile amekuwa mtu anayekumbuka shamba lake la zamani, na wakili wa upande wa pili atauliza alilipoteza lini, akampa nani. Amempa nayo imegeuka alikuwa amempa. Hiyo -me- ya Kiswahili ni kiungo kidogo chenye mzigo mkubwa: tendo limefanyika na matokeo yake yapo. Amempa maana yake kitu kiko kwa aliyepewa. Alikuwa amempa inamwacha msikilizaji akingoja neno lakini. Alikuwa amempa, lakini akamnyang'anya. Alikuwa amempa, lakini mtoto akahama. Neno hilo halikuwamo, na sasa sentensi nzima inaliita.

Na matuta? Ninyi mnajua, lakini nasema kwa ajili ya watakaousoma mhadhara huu mbali na hapa. Mfipa halimi tuta la mstari tu. Mvua zinapoelekea ukingoni, udongo ungali laini, anageuza majani pamoja na udongo wake na kurundika matuta ya duara, ntumba, majani yakiwa ndani, yaoze. Juu yake anaweza kupanda maharage. Msimu unaofuata matuta yanatawanywa, na ardhi iliyoshiba mbolea ya majani inapokea ulezi au mahindi. Kwa hiyo mtu akisema nina matuta mle ndani, anazungumzia jasho lililokwisha kumwagika na mavuno ambayo bado hayajaja. Kule kuwa nayo kumeelekea mbele. Huwezi kuuweka umiliki huo kwenye wakati uliopita bila kuuvunja, maana thamani ya tuta iko mwakani. Msomaji wa Kiingereza aliyeko Dodoma au Dar es Salaam anaona "mounds" na kudhani ni vichuguu vya udongo. Neno limepoteza kilimo chake, kitenzi kimepoteza wakati wake, na mjukuu amekaa benchi anasikiliza habari za babu asiyemtambua.

Haya yamekuwa mazito zaidi tangu barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga iwekwe lami. Kipande chetu cha Laela hadi Sumbawanga, karibu kilomita 95, kilijengwa katika mpango uliogharamiwa na Marekani kupitia shirika lake la misaada la MCC, ambao mkataba wake ulitiwa saini mwaka 2008. Eneo la kando ya barabara ambalo zamani mtu alimwachia ndugu yake kwa neno la mdomo sasa ni kiwanja. Na neno la mdomo ndilo linaloitwa barazani: nani alisema ana, lini, mbele ya nani. Mahali ambapo hati za hakimiliki za kimila hazijafika, ushahidi mkubwa wa mtu ni vishazi vya kwamba vinavyotoka vinywani mwa wazee.

Nimezungumzia kuwa na. Sasa ukosefu, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu Kiswahili ni tajiri zaidi kwa mtu asiye na kitu kuliko kwa mwenye nacho.

Kiingereza cha ofisini kina sentensi mbili tatu zinazozungushwa: "that he had no", "that he did not have", "that he lacked". Sisi tuna orodha ndefu, na kila neno lina hadithi yake. Hana: kitu hakipo, basi, bila kueleza kwa nini. Hajapata: hana, lakini anatarajia, na anayesikia anajua kwamba kuna mahali alipostahili kupata. Amekosa: ametafuta, ameomba, amepanga foleni, na hakupata. Ameishiwa: alikuwa nacho, amekitumia, kimekwisha. Amepungukiwa: anacho, hakitoshi. Hana tena: kilikuwapo, kimeondoka, na kuna mtu wa kuulizwa. Hakuwahi kuwa na: tangu mwanzo hakuwa nacho.

Katika msimu wa 2022/2023 serikali ilirudisha ruzuku ya mbolea kwa mfumo wa kuwaandikisha wakulima. Chukueni kikao cha kijiji katika msimu wowote wa aina hiyo. Wakulima wanasimama mmoja mmoja. Mmoja anasema hajapata mbolea: jina lake lipo, mzigo haujamfikia. Wa pili anasema amekosa: amefika dukani mara kadhaa, akaambiwa imekwisha. Wa tatu anasema ameishiwa: alipata ya kupandia, sasa anataka ya kukuzia. Wa nne anasema amepungukiwa: mifuko aliyopewa hailingani na ekari zake. Afisa anaandika ripoti kwa Kiingereza kwa sababu mfadhili ataisoma: "Farmers reported that they did not have fertilizer." Kishazi kimoja. Huko juu mtu mwema anasoma na kuagiza mifuko ipelekwe. Lakini mkulima wa kwanza alihitaji usafiri, wa pili alihitaji duka lichunguzwe, wa tatu alihitaji mbolea ya aina nyingine, wa nne alihitaji shamba lake lipimwe upya. Kila mmoja alitoa taarifa kamili kwa kitenzi kimoja, na taarifa zote nne zikafutwa na mwandishi mmoja.

Hiyo hajapata inastahili neno zaidi. Kiambishi -ja- katika ukanushi ni kitu ninachokipenda mno katika lugha yetu. Kinasema hapana huku kikiacha mlango wazi. Kijana akiulizwa barazani kama ana shamba akajibu sijapata, amesema mambo mawili: sina, na ninangojea fungu langu kutoka kwa baba. Ukimwandika "he said that he did not have a farm", kisha ukarudisha kwa Kiswahili, atasomeka hakuwa na shamba. Madai yake kwa baba yamezikwa. Kiingereza kina "not yet" kwa kazi hii, wala halina gharama yoyote. Mwandishi anatakiwa alikumbuke tu.

Wanawake ndio wanaoumizwa zaidi na vishazi vya ukosefu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kuamuru mgawanyo wa mali iliyopatikana katika ndoa kwa juhudi za pamoja. Kwa miaka mingi mahakimu walivutana: mwanamke aliyekaa nyumbani, akapika, akalea, akachota maji, ana juhudi gani katika nyumba aliyoijenga mume kwa mshahara wake? Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Ulikuwa uamuzi mkubwa, nao hutajwa hadi leo katika mashauri ya aina hiyo. Sasa msikilizeni mama wa hapa kwetu akiulizwa unafanya kazi gani. Atajibu kwa unyenyekevu wake: Sina kazi, niko nyumbani tu. Anamaanisha hana ajira. Mwandishi ataandika kwamba mdai alieleza hakuwa na kazi yoyote. Mama aliyeamka alfajiri, akapalilia, akapukuchua mahindi, akaenda kisimani, ameandikwa kwa mdomo wake mwenyewe kwamba hakuwa na kazi. Uamuzi wa 1983 upo vitabuni, lakini utamsaidia vipi ikiwa kumbukumbu ya ushahidi imekwisha kumvua mchango wake? Ninawaomba makatibu: mama akisema sina kazi, muulizeni swali la pili. Tangu asubuhi mpaka jioni ya jana alifanya nini? Andikeni jibu lake lote.

Kuna upande mwingine wa kishazi cha "that", nao ni kitenzi kinachokitangulia. Kiingereza hutofautisha kwa makini aliyejua kwamba, aliyedai kwamba na aliyekiri kwamba. Ukiandika mtu alijua kwamba hana haki juu ya shamba, wewe mwandishi umekubali kwamba hana haki. Ukiandika alikiri, umekubali zaidi. Ukiandika alidai, umejitoa. Kwetu nako tofauti hizo zipo, na tuna neno la ziada ambalo Kiingereza kinalionea wivu: eti. Eti ana shamba. Hapo nimetoa habari na shaka yangu kwa herufi tatu. Ila eti haina nafasi katika muhtasari wa baraza. Mwandishi wa baraza hana ruhusa ya kutia shaka yake katika maneno ya mtu. Na kudai kunahitaji uangalifu, maana kwa Kiswahili anayedai pia ni anayedai deni, na magazeti yetu yamelizoesha neno hilo kwa kila kinachosemwa mahakamani mpaka msomaji anahisi kila msemaji ni mshukiwa. Mtu akisema ana shamba, andika alisema. Hakuna neno la heshima zaidi ya hilo.

Kwa vijana wa sekondari nitasema mawili kwa haraka, maana mtihani unakuja. La kwanza, "that" moja ya Kiingereza hufanya kazi ambazo kwetu zinafanywa na maneno mawili. Katika "the claim that he had land" ni kwamba: dai kwamba ana ardhi. Katika "the land that he had" ni ambayo, au kile kirejeshi kilichojificha ndani ya kitenzi: ardhi aliyokuwa nayo. Msiandike dai ambalo ana ardhi. La pili, Mwingereza anayetamani asichonacho huurudisha wakati nyuma pia: "I wish that I had a bicycle." Baiskeli anayoitamani si ya jana, ni ya leo, na hana. Kiswahili chake ni laiti ningekuwa na baiskeli. Natamani kwamba nilikuwa na ni Kiingereza kilichovaa kanzu.

Nirudi kwa makatibu wa mabaraza, kwa sababu kazi yao inaonekana ndogo na ndiyo msingi wa kila kinachojengwa juu yake. Mtu anaponukuu maneno ya mtu mwingine, hasa marehemu, yaandikeni kama yalivyotoka, katika nafsi ya kwanza, ndani ya alama za kunukuu. Mzee aliniambia, "Nina shamba ng'ambo ya mto, nimempa mjukuu matuta." Nina na nimempa hazina tafsiri ya pili. Kisha andikeni maneno hayo yalisemwa lini, hata kama tarehe haijulikani: kabla ya mvua za mwaka gani, msimu gani wa kuvuna, mwaka wa msiba wa nani. Mali inafungwa na wakati wa aliyeisema, na wakati huo ukikosekana, hata Kiswahili chetu kizuri hakitauokoa ushahidi. Na shahidi akisema alikuwa na, msimwachie aketi kabla hajaeleza kilichotokea baadaye.

Kwa wale mtakaolazimika kuandika Kiingereza, wekeni "still" pale shahidi aliposema ana, "no longer" pale aliposema hana tena, "not yet" pale aliposema hajapata, na "had run out" pale aliposema ameishiwa. Msiogope "had had" pale mtu anaposimulia mali ya zamani. Inasikika vibaya, lakini inasema kweli. Na msiogope "has" kwa mali ambayo mpaka leo ipo.

Mwaka 2021 Bunge lilipitisha marekebisho yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa pale ambapo haki itakihitaji. Niliipokea habari hiyo kwa furaha kubwa, na furaha hiyo haijapoa. Lakini wanasheria wetu bado wanasomeshwa kwa Kiingereza, na nimeanza kukutana na Kiswahili kipya cha nyaraka kinachorudisha njeo nyuma kana kwamba ni Kiingereza: mlalamikaji alisema kwamba alikuwa na umri wa miaka 60 na kwamba alikuwa hana watoto. Mzee mwenyewe amekaa pale mbele, ana miaka 60, hana watoto, anasikia akisomewa kama marehemu. Lugha ya mahakama imebadilishwa, mazoea ya kalamu hayajabadilika, na sheria haiwezi kuyabadilisha. Yatabadilishwa na walimu wa Kiswahili na wa Kiingereza wakikaa meza moja, jambo ambalo katika shule zetu nyingi halifanyiki, kwa sababu kila mmoja ana chumba chake na ratiba yake.

Tena yapo mafaili ya miaka yote ile, yaliyoandikwa kwa Kiingereza, ambayo sasa yataombwa kwa Kiswahili na watoto na wajukuu wa waliotajwa ndani yake. Atakayeyafasiri atakutana na "that she did not have" katika ukurasa baada ya ukurasa. Asikimbilie hakuwa na. Ageuze ukurasa unaofuata aone mama huyo alifanya nini baadaye. Kama alirudi kuomba, alikuwa hajapata. Kama alikwenda kununua, alikuwa ameishiwa. Kama alimtaja mtu na kumshitaki, basi alisema hana tena, na jina la mtu huyo litakuwa mistari michache chini ya hapo.

 Maswali nayapokea kwa Kiswahili, kwa Kiingereza na kwa Kifipa.